Mafundi Wangu kwenye Ngozi ya Tumpale

Naomba ijulikane, kwa heshima zote zinazostahili, kwamba mdogo wangu Tumpale alipendwa na shule nzima kwa kutumia damu yangu.

Kila Jumatatu baada ya uji nililala kwenye kitanda cha zahanati ya Shule ya Lwandilo, mkono wa kushoto nje, huku mashine yenye sauti ya mbu ikininyonya. Ukutani, kwenye skrini, alikaa Daktari Sekela. Mwenyewe alikuwa Mbeya mjini, lakini uso wake pale ulikuwa mkubwa kuliko dirisha, na ulikuwa na uwezo wa kuona kama hujanawa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Andongolile. Umekula?"

"Nimekunywa uji. Sijui kama hiyo inahesabika."

"Kunja ngumi. Unajua kwamba ukikataa leo, tunasimama leo?"

"Najua."

"Unakubali?"

Hapo nilikuwa nanyamaza kidogo. Sikuwa na nia ya kukataa. Nilinyamaza kwa sababu huo ulikuwa wakati pekee katika wiki nzima ambapo Tumpale alilazimika kunisubiri mimi.

"Nakubali," nilisema, kwa sauti ya mfalme anayesamehe wafungwa.

Jua la siku hizi si lile ambalo babu zetu walianikia kahawa. Kengele ya adhuhuri ikilia, vioo vya madarasa hujitia giza vyenyewe, na anayetoka nje huvaa kofia pana kama sinia. Mionzi ikipenya ngozini hugandisha herufi mbili jirani za DNA, kama meno mawili ya zipu yaliyong'ang'aniana. Zipu hiyo ndiyo maelekezo ya seli, na ikikwama, seli husoma vibaya. Kwa bahati njema kila seli ina mafundi wake. Ni protini zinazopita zipuni zikipapasa, na zikikuta uvimbe hufungua pande mbili, hukata kipande kibovu, hutazama upande wa pili kama kielelezo, hushona kipya na kufunga. Wewe unayesoma hapa, mafundi wako wako kazini sasa hivi, hawaombi likizo, na hujawahi kuwashukuru.

Tumpale alizaliwa bila mafundi wakataji. Baba na Mama, kila mmoja alibeba nakala moja nzima ya maelekezo ya kuwatengeneza na nakala moja mbovu, wala hawakujua. Mimi nilirithi nzima mbili. Yeye alirithi mbovu zote mbili. Kwake kila mwangaza wa jua uliacha uvimbe usiotolewa, uvimbe juu ya uvimbe, mpaka siku seli moja ingesoma maelekezo upande upande na kuanza kuzaana bila adabu. Saratani huanza hivyo. Kwa ugonjwa wake huanza utotoni.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tuliishi na mapazia mazito. Mimi nilicheza nje, lakini kimyakimya, kwa maana Mama alisema nikicheka sana mwenzangu atasikia na ataumia. Mtoto wa watu nilifunga mabao na kushangilia kwa kunong'ona.

Kisha ukaja Mradi wa Daktari Sekela, wa kuazima mafundi wa mtu mwingine. Mwili wa Tumpale ulikataa mafundi wa kila mtu duniani isipokuwa wangu. Mashine ilichuja damu yangu, ikawatoa, ikawatandaza kwenye kiraka chembamba kama ganda la kitunguu, rangi ya majani ya chai mabichi. Kiraka kimoja mkononi kila asubuhi, na mafundi wangu walisambaa kwenye ngozi yake wakikata na kushona mpaka jioni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitoka nje mchana. Akaletwa Lwandilo, kidato cha pili, shule ambayo hadi siku hiyo ilikuwa yangu.

Jumatatu moja mashine ilipomaliza, skrini ilibadilika, akatokea Mama.

"Ando baba, Tumpale amelala vizuri?"

"Mimi ndiye ninayetolewa damu, Mama."

"Naona, baba. Amelala vizuri?"

*

Kabla yake, mimi ndiye nilikuwa habari ya Lwandilo. Mimi ndiye niliyeifundisha sauti ya kengele kuimba kama mwalimu wa zamu. Mimi ndiye niliyeviambia vioo vya ofisi ya walimu kwamba ni adhuhuri wakati ni asubuhi, walimu wakasahihisha madaftari gizani kwa uvumilivu mkubwa. Nilipewa adhabu kwa haki na nilipendwa kwa haki.

Tumpale hakufanya lolote. Alikaa tu juani akitazama mikono yake, na watu wakamzunguka.

"Wewe ndiye kaka yake Tumpe?" waliniuliza njuka wa kidato cha kwanza, ambao kwa kawaida walipaswa kuniogopa.

"Yeye ndiye mdogo wake Ando," niliwasahihisha.

"Ndiyo huyohuyo," wakasema, wakaondoka.

Ijumaa moja nilikuwa nikifua jezi kwenye mabomba nyuma ya bwalo. Upande wa pili wa ukuta mfupi walikuwa wasichana wa bweni la Tumpale, na sauti iliyotawala ilikuwa ya Subilaga. Huyo Subilaga akijua jambo kabla ya chakula, wapishi wanalijua kabla ya chumvi.

"Tumpe, nimegee."

"Juzi nilikumegea."

"Juzi ni juzi. Angalia shingo yangu ilivyokuwa laini. Au umeanza uchoyo?"

Mtu aliyewahi kulala bweni anajua uzito wa neno hilo. Bwenini sabuni inakatwa, sukari inagawanywa kwa kifuniko, kalamu ya wino ina wazazi wengi. Mwenye kitu akila peke yake anaitwa mchoyo mpaka anahitimu, na akirudi miaka baadaye akiwa waziri, wataulizana, yule mchoyo wa kitanda cha dirishani ndiye huyu?

Nilichungulia juu ya ukuta. Tumpale alikuwa ameshika kiraka cha siku ile na mkasi wa kushonea. Alikata kipande, akampa Subilaga, akakata kingine, mwingine akanyoosha mkono. Shingoni mwao, nyuma ya masikio, kwenye paji la uso palipokuwa na chunusi, kila mmoja alikuwa na kijani chake kidogo. Kilichobaki, chembamba kama ukucha, Tumpale alijibandikia mwenyewe. Naye alikuwa anacheka kwa sauti kubwa.

Nitasema ukweli kuhusu nilichofikiri kwanza. Sikufikiri kwamba atakufa. Nilifikiri: hizo ni zawadi zangu. Mimi ndiye ninayelala na sindano, na anayeshukuriwa ni yeye.

Nilimsubiri njiani. Alipokaribia ndipo nikaona kwenye pua na juu ya mashavu madoadoa madogo ya kahawia, kama matone ya uji yaliyorukia. Alipokuwa mdogo yalianza hivyohivyo, na Mama akaenda kununua mapazia.

"Umejitazama kwenye kioo?"

"Shikamoo na wewe, kaka."

"Tumpale, nimeona mkasi."

Alisimama. Akavuta ukingo wa kofia.

"Wanakitumia kwa ngozi tu, iwe laini. Hakiwadhuru."

"Wao wana mafundi wao. Kwao ni mapambo. Kwako ndicho kitu pekee kinachokutenga na jua."

"Nabaki na kipande."

"Unabaki na ukucha."

"Ando, unajua mimi nilikuwa sina hata kitu kimoja ambacho mtu angekitaka? Wewe umezoea. Tangu mdogo watu wanakuja mlangoni, Ando yupo, Ando aje acheze. Mimi hakuna mtu aliyewahi kunigongea akasema, Tumpale nipe." Alinishika mkono. "Usimwambie Mama. Usimwambie Daktari. Wakijua wananirudisha nyuma ya pazia. Tafadhali, kaka yangu."

Nikamwambia nitafikiri. Nikaondoka na jezi mbichi begani, nikijiona hakimu.

*

Sasa tazama mtego wenyewe. Masharti ya Mradi yalisomwa kwa sauti mbele yetu wote wawili: mgonjwa anayetumia dawa kinyume anaondolewa shuleni, anarudishwa kwenye uangalizi wa nyumbani. Kwa hiyo nikisema, dada yangu anaokoka na anaondoka. Nikinyamaza, anabaki, anapendwa, na madoadoa yanaongezeka mpaka moja lao linageuka kuwa kitu kingine.

Mtu mwema angesema siku ileile. Shida ni kwamba jambo jema lilifanana kabisa na lile nililokuwa nikiliota tangu ashuke na begi lake jipya: Tumpale arudi nyumbani. Kila nilipojiambia, "Nenda kamwambie Daktari," ndani yangu kulikuwa na mtu aliyepiga makofi, nami namjua mtu yule, ni mimi. Nikaogopa kufanya haki kwa mikono michafu. Na kwa kuwa kichwa changu kimezoea kazi ya aina moja, kikaniletea njia ya tatu, ambayo niliiona kuwa ya hekima mno.

Jumamosi kwenye foleni ya makande nilijipanga nyuma ya Subilaga. Nikavaa uso wa msiba.

"Subilaga, nina jambo, ila naomba libaki kwetu wawili."

Sahani yake ilitulia hewani.

"Hivyo viraka vya Tumpale. Unajua mafundi waliomo wanatoka kwa nani?"

"Maabara."

"Wanatoka kwangu. Ni mafundi wa mvulana, na fundi hushona kwa kielelezo anachokijua." Nilijipapasa kidevu, ambapo kwa kweli hapajaota kitu na hakuna dalili. "Daktari alituonya. Kwa ndugu wa damu hakuna shida, mwili wake umezoea. Kwa wengine zinaanza ndevu kidevuni. Baadaye sauti."

"Acha uongo, Ando."

"Sawa. Ni uongo. Lakini huyo mwenzako wa kitanda cha juu, sauti yake imekuwaje wiki hii?"

Mwenzake wa kitanda cha juu alikuwa na mafua. Subilaga alifikiri kwa muda wa kijiko kimoja cha makande, kisha akaacha sahani na kuondoka mbio. Mpaka saa ya prep, ya kujisomea jioni, pipa la taka la bweni la wasichana lilikuwa na vipande vya kijani kama mboga zilizochambuliwa.

Nilikula makande yangu, nikala na ya Subilaga. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Mdogo wangu angevaa kiraka kizima. Na, naongeza hili kwa unyenyekevu, hakuna tena aliyemzunguka.

Wasichana hawakuishia kwenye kubandua. Walisogeza vitanda. Walikataa kuchota maji kwa ndoo yake. Wakamwita Ndevu, kwanza kwa kunong'ona, kisha hata kwenye paredi. Kwenye netiboli alisimama mahali pake, mikono juu, na mpira ulizunguka uwanja mzima bila kumpitia. Nilitazama kutoka upande wa wavulana, na niliona raha, kisha raha ikaanza kuwa na ladha ya sukuma wiki iliyolala. Hata hivyo niliendelea kuitafuna.

*

Alinijia Alhamisi, adhuhuri kamili, kengele imeshalia. Nilikuwa chini ya paa la uwanja nikifunga kamba za viatu. Aliingia katikati ya uwanja akitembea polepole, kichwa wazi, mikono ya shati imekunjwa mpaka begani. Mkononi mwake hapakuwa na kiraka kilichobandikwa. Alikuwa amekishika kwenye ncha za vidole, kizima, kama mtu anayemrudishia jirani chombo.

"Njoo kivulini," nilisema.

"Chukua mafundi wako."

"Tumpale, njoo kivulini kwanza."

"Subilaga kaniambia aliyemwambia."

Nilitoka mbio, nikavua kofia yangu nikamvika. Aliivua, akaiweka chini kwa utaratibu.

"Nilikuwa nakuokoa," nilisema. "Ningemwambia Daktari ungeondoka. Hivi umebaki na kiraka kizima, na shuleni upo."

"Nipo wapi?"

Jua lilitupiga wote wawili. Kwangu mafundi walikuwa wakikata na kushona bila kelele. Kwake hapakuwa na mtu kazini, na nilikuwa naona, au nilidhani naona, pua yake ikizidi kuwa na matone.

"Nikuambie kitu?" alisema. "Kule nyumbani nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unacheka chinichini, unadhani sisikii. Nilikaa nyuma ya pazia nikakuonea wivu. Mpaka nikatapika. Lakini Ando, sikuwahi kuomba uingizwe ndani."

Hakulia. Angelia ningemtania na mambo yangeisha. Alinyoosha tu mkono wenye kiraka, akaniacha nikitazame.

Nikamwinua. Mimi ni mkubwa kwake na hakuwa mzito. Alinipiga ngumi za mgongoni njia nzima mpaka zahanati.

*

Daktari Sekela alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia kuhusu mkasi, makande, ndevu. Nilimwambia na sehemu ya mtu anayepiga makofi ndani yangu, kwa sababu skrini ile ina uwezo wa kuona kama hujanawa. Tumpale alikaa kwenye kona yenye giza, kiraka mkononi, mgongo kwetu.

"Unajua ninachopaswa kufanya," Daktari alisema.

"Kumrudisha."

"Kwa masharti, ndiyo. Leo hii. Na nikifanya hivyo hakuna atakayekulaumu." Alivua miwani akaipangusa. "Lipo sharti moja ambalo huwa hatulisomi kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliomba. Mtoaji anaweza kusimama badala ya nyumba. Anambandikia mgonjwa mwenyewe, kila asubuhi, kabla jua halijapanda, mbele ya mlezi wa bweni, na anarudi adhuhuri kukagua. Hakosi hata mara moja. Akikosa, mgonjwa anaondoka. Muhula mzima."

"Kila asubuhi?"

"Hata Jumapili. Hata kesho Ijumaa."

Ijumaa ile timu yetu ya mpira ilikuwa inashuka kwenda Ziwa Nyasa kwenye mashindano ya kanda. Mimi nilikuwa mshambuliaji wa kati. Wangelala hotelini, kwenye vitanda visivyo na ghorofa. Nilikuwa nimeota ile safari tangu kidato cha kwanza, kabla Tumpale hajajua rangi ya majani ya mchana.

"Sikulazimishi," Daktari alisema. "Ukisema hapana ni hapana ya halali kabisa. Atakuwa salama nyumbani. Sijui kama atakuwa na kingine."

Yule mtu wa ndani alisimama kabisa kwenye kiti. Alisema: halali kabisa, umesikia? Alisema Mama atamlea, daktari ameruhusu, wewe nenda ziwani. Kila alichosema kilikuwa kweli, na ndiyo maana nilimchukia.

Nilimtazama Tumpale. Hakugeuka. Hakuomba. Nadhani angeomba ningekataa.

"Nitambandika," nilisema.

"Sema vizuri, mashine inarekodi."

"Mimi, Andongolile, nitambandika."

"Mwambie hata akinibandika sitamsemesha," alisema Tumpale kwenye kona.

"Amekusikia," alisema Daktari.

*

Asubuhi ya Ijumaa nilisimama kwenye lango la bweni la wasichana, mahali ambapo mvulana akionekana huwa anakimbia. Mlezi wa bweni alikuwa kwenye kigoda na kanga yake mabegani, akinitazama kama bidhaa iliyoletwa nyumba isiyo yake. Wasichana walikuwa wakipita na ndoo, kila mmoja akipunguza mwendo.

Subilaga alisimama kabisa. Alikuwa amejipapasa kidevu mpaka kikawa chekundu.

"Ando. Zitaota lini?"

"Hazioti. Nilidanganya."

"Ungesema hivyohivyo hata kama zinaota."

"Najua."

"Apa."

"Haki ya Mungu, Subilaga, hakuna ndevu. Viraka havikufanyi lolote. Yeye ndiye anayevihitaji, akikukatia anakatwa yeye. Kukuambia hivyo ndicho kitu nilichopaswa kusema mwanzo, kwenye foleni."

Alinipima juu mpaka chini. Sijui aliamini nini. Aliweka ndoo yake chini lakini hakuondoka.

Tumpale alitoka amenawa, mkono nje, uso ameugeuzia ukuta. Nilifungua pakiti. Vidole vyangu vilikuwa vizito, nami nilikuwa sijawahi kukishika kiraka kwa kazi yake. Kilikuwa baridi. Nilikibandika, nikakipapasa kama nilivyoelekezwa, kutoka katikati kwenda pembeni.

"Kimekaa upande," Tumpale aliuambia ukuta.

"Kimekaa sawa."

"Pembe ya chini imeinuka. Mlezi, si imeinuka?"

"Imeinuka," alisema mlezi kwenye kigoda.

Getini gari la timu lilikuwa limewashwa. Niliwasikia wakiimba. Nilisikia mtu akiitwa kwa namba ya jezi yangu, na yule aliyeitwa akaitika kwa furaha kubwa, na wivu ukanipanda, uleule, haujapungua hata kidogo. Gari likapiga honi. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshakibandua, na mkono wa mdogo wangu ulikuwa bado na majimaji, na kiraka hakishiki kwenye ngozi mbichi. Nikaufuta kwa upindo wa shati langu, nikaupuliza mpaka ukakauka, nikaanza upya kutoka katikati.